Gurudumu la Mbele

Siku ile kilimani nilikuwepo mimi. Alikuwepo mdogo wangu wa kiume, niliyemlea tangu akiwa na miaka kumi. Alikuwepo dada yetu, wa mwisho kuzaliwa, aliyetoka Didia siku mbili kabla kwa kuomba lifti kwenye malori. Alikuwepo mzungu mtafiti wa madini, mwenye kambi. Karani wake, mtu wa Mwanza, aliyekuwa akimtafsiria. Na mzungu mwingine, mwanamke wa makamo mwenye kofia ya njano, aliyeletwa ili achague mtu mmoja. Alikuwepo mzee wa duka la spea wa Kahama, Mhindi, aliyefunga duka siku ya kazi, jambo ambalo watu walisema hakulifanya hata alipomwoza binti yake. Tulikuwepo waendesha baiskeli kumi na mmoja, mimi na mdogo wangu tukiwamo. Na walikuwepo wachimbaji, wengi kuliko nilivyoweza kuwahesabu, walioacha mashimo yao wakaja kukaa juu ya mawe na miwa mikononi.

Nawataja kwa sababu baadaye kila niliyekutana naye njiani, mpaka Segese, alidai naye alikuwepo na aliona. Waliokuwepo ni hao. Na pale jambo lenyewe lilipotokea, nyuma ya mwamba wa mzunguko wa tatu, tulikuwepo wawili tu.

Baba yetu alifia ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo la dhahabu, upande huohuo wa Geita. Mama alimfuata mwaka wa pili. Nilikuwa darasa la sita. Sikufukuzwa shule wala sikugombana na mtu. Niliacha tu kwenda, kwa sababu asubuhi ile ya kwanza baada ya matanga walikuwepo watoto wawili wamekaa kwenye mkeka wananitazama mimi, si mlango. Nikachukua baiskeli ya baba, ile nyeusi nzito yenye bomba mbili juu, nikajiunga na wabeba mchele.

Tulikuwa tukitoka Didia watu sita au saba, kila mmoja na gunia lake, tunakwenda kuwauzia wachimbaji wa Segese. Siku mbili kwenda, siku mbili kurudi. Ule msafara ulikuwa na taratibu ambazo hakuna aliyeziandika. Moja ilikuwa ya gurudumu. Gurudumu la mtu likifa njiani na fundi yuko mbali, mwenzake mmoja anafungua lake anampa. Aliyeharibikiwa anaendelea na mzigo wake mpaka kwa fundi, kwa sababu fundi hakukopeshi gurudumu kwa maneno matupu. Anataka gunia libaki pale kama rehani. Ukishalipata la kuazima unarudi nalo mbio kwa mwenzako. Na yule aliyetoa lake anakaa palepale. Hasogei, hata mvua inyeshe, ili wasipishane. Mimi nimewahi kukaa chini ya mgunga kutoka asubuhi mpaka jua likageuka, nikiwa sina wasiwasi wowote. Niliyempa alirudi akiwa amevua shati, anahema, na karanga za kuchemsha mfukoni kwa ajili yangu.

Mdogo wangu alipofikisha miaka kumi na sita nilimwingiza kwenye msafara. Alikuwa mwepesi, kifua kipana, mwenye maneno. Kupanda mlima na gunia alikuwa akiimba. Alikaa nasi miaka miwili, kisha akasikia kwamba kuna kambi ya wazungu wanaopima udongo upande wa Geita, akaenda, akapata kazi ya kubeba vimfuko vya udongo na kufagia stoo. Nilifurahi. Nilimwambia, "Kaa hapo. Mkia wa ng'ombe ukiushika usiuachie." Alicheka akasema, "Kaka, hawa hawana ng'ombe. Wana baiskeli."

Ilikuwa kweli. Yule mtafiti alikuwa na baiskeli sita za milimani: tairi pana zenye meno, gia nyuma na mbele, springi kwenye uma wa mbele. Ujanani mwake, huko kwao, alikuwa mshindani. Jioni alizipanda na wafanyakazi wake kuzunguka vilima, na wachimbaji walimtazama kwa huruma. "Mzee mzima ana gari mbili," walisema, "anakwenda kujichosha kwenye mawe. Kwao kuna mtu kamfanyia kitu." Lakini mdogo wangu alipanda mojawapo akaonja kile kitu, na katika mwezi mmoja akawa hakuna wa kumfikia pale kambini.

Ndipo habari ikaja. Katika nchi moja ya kusini yangefanyika mashindano ya kimataifa ya baiskeli za milimani. Waendeshaji wangetoka mpaka nchi za theluji. Mtafiti aliandikiana barua na rafiki zake wa zamani, akapewa nafasi ya kupeleka Mtanzania. Karani alitutangazia akiwa amesimama juu ya pipa.

"Mtu mmoja," alisema. "Si wawili. Si mmoja na binamu yake. Atapanda ndege, atashindana, atarudi, na akirudi ana kazi ya kudumu hapa: kutunza baiskeli na kufundisha wengine. Mwenye baiskeli ya gia aje nayo. Asiye nayo, za kambi ni sita na zina wenyewe."

Kazi ya kudumu. Nilikuwa na miaka ishirini na tano, na goti langu la kulia lilikuwa limeanza kulia kila nikipanda na gunia. Niliyatamani mashindano, sitadanganya. Nilitaka kuona hao watu wa theluji wanavyopanda. Lakini zaidi niliitaka ile kazi. Dada yetu alikuwa amemaliza darasa la saba na alikuwa anakaa nyumbani kwa baba mkubwa akichota maji ya watu wengine.

Kahama, yule mzee wa duka la spea alikuwa na baiskeli moja ya gia, nzuri, ringi zake nyeupe zinang'aa. Aliachiwa na mmishonari aliyerudi kwao. Nilikwenda kuitazama mara tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuifuta vumbi tena?"

"Nimekuja kuuliza kama unabadilishana na ng'ombe."

Aliweka miwani juu ya paji la uso. "Ng'ombe nitamweka wapi, kwenye droo? Nenda mnadani, uuze, ulete pesa. Na sikiliza, kijana. Hii si ya mchele. Ukiipakia gunia italala chini kama mgonjwa, halafu utakuja hapa kunililia."

Ng'ombe mwenyewe hakuwa wangu. Alikuwa mtamba wa dada yangu. Mama alipokuwa anaumwa aligawa alichokuwa nacho: mimi nilipewa nyumba, mdogo wangu alipewa dume, na binti alipewa yule ndama jike mwekundu mwenye baka jeupe tumboni. Dume la mdogo wangu tulilichinja kwenye matanga ya mama. Nyumba ilianguka. Ndama yule alikua, akazaa jike mmoja kabla ya kufa; huyo ndiye mtamba aliyebaki, na wakati huo alikuwa tayari kupandwa. Dada yangu alikuwa na mpango naye: akizaa mara mbili, ndama mmoja auzwe anunue cherehani.

Nilimwambia wazi. Sikuzunguka. Tulikuwa tumekaa nje ya boma la baba mkubwa, yeye anapeta mtama.

"Ukishindwa?" aliuliza.

"Sitashindwa."

"Kaka, nimekuuliza ukishindwa."

"Nitakulipa mtamba. Kama huyu. Na kama nikichelewa, na ndama wake."

Alipeta ungo mara mbili tatu. "Mchukue," alisema. "Lakini usinipe pesa. Mimi pesa nitaila. Nipe mtamba."

Tukampeleka mnadani Mhunze. Alilia njia nzima.

Wiki tatu nilikaa karibu na kambi, nikalala kwenye kibanda cha mdogo wangu, tukafanya mazoezi pamoja. Yeye alinifundisha gia. Mimi nilimfundisha kutulia. Alikuwa akishuka mteremko kama anafukuzwa. Tulikubaliana tutakwenda pamoja, mmoja akitangulia kumkinga mwenzake upepo, mpaka mzunguko wa mwisho; pale kila mtu na miguu yake. Atakayeshinda kati yetu, nyumba imeshinda. Hivyo ndivyo tulivyosema, na mimi ndiye niliyesema kwanza.

Asubuhi ya siku yenyewe yule mwanamke wa kofia ya njano alikagua kila baiskeli, akafunga namba mbele ya usukani, na karani akatusomea masharti. Mizunguko minne ya kilima. Hakuna kukata njia. Kila mtu atatengeneza baiskeli yake mwenyewe ikiharibika. Hakuna kusaidiwa, anayesaidiwa anatolewa, na anayemsaidia anatolewa. Ndivyo ilivyo ulimwenguni, alisema. Tukaitikia kwa vichwa. Naapa niliyasikia maneno hayo. Nilifikiri wanazungumzia jamaa wa kukusukuma mgongoni penye mwinuko, au mtu wa kukupokea na maji. Kupeana gurudumu sikujua kama kunaitwa kusaidiwa. Kwangu ulikuwa utaratibu wa safari, kama kufunga mzigo kabla hujapanda.

Mzunguko wa kwanza walikuwa mbele vijana wawili waliotoka Mwanza. Wa pili tuliwapita, kwenye mwinuko wa changarawe, mmoja wao akituambia, "Wabeba mchele, gunia limedondoka!" Mdogo wangu akamjibu bila kugeuka, "Lifuate basi, ulipike!" Wachimbaji wakapiga miluzi. Goti langu lilikuwa kimya siku ile. Mzunguko wa tatu nilijua, kama mtu anavyojua njaa, kwamba nina nguvu kuliko yeye. Alikuwa akivuta pumzi kwa mdomo tangu kileleni. Nilikaa nyuma yake tu kwa sababu tulikubaliana.

Nyuma ya kilima njia ilishuka kati ya miamba, na pale hapakuwa na watu. Akaachia breki kama kawaida yake. Gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa, akaruka juu ya usukani, akaangukia bega. Nilipomfikia alikuwa ameshasimama. Gurudumu lilikuwa limejikunja kama sahani ya bati iliyokaliwa, spoku zimetoka nje.

"Umeumia?"

"Sijaumia. Kaka, stoo kuna la akiba. Njia inapita mlangoni. Mtunza stoo hatampa mtu mwingine, ananijua mimi. Nipe lako, nakuletea sasa hivi, vijana wa Mwanza wako mbali."

Watu wameniuliza kwa miaka kwa nini sikupita zangu. Nami nimejiuliza. Jibu ni kwamba sikufika mahali pa kuamua. Gurudumu la baiskeli zile linafunguka kwa kimkono kidogo, halihitaji spana, na mikono yangu ilikuwa imeshalifungua kabla hajamaliza sentensi. Nilimfungia mwenyewe. Nilikaza breki yake. Nilimsukuma, hata, ashike mwendo.

Kisha nikakaa chini, na lile lake lililokufa pembeni yangu.

Vijana wa Mwanza walipita. Mmoja alipunguza mwendo. "Vipi, mwanangu?"

"Namsubiri mdogo wangu."

"Unamsubiri nani?" Alicheka, akaenda. Akapita mwingine, akapita mwingine. Wote wakapita. Nilihesabu moyoni umbali wa kwenda stoo na kurudi, nikaongeza wa kumtafuta mtunza stoo, nikaongeza wa kubishana naye. Wa kwanza alipotokea tena, akiwa kwenye mzunguko wa nne, alikuwa ni mdogo wangu.

Nilisimama. Nilidhani amekuja nalo. Alikuja kwa kasi kati ya miamba ile, safari hii akibana breki vizuri kama nilivyomfundisha, macho yake kwenye njia, na ringi yangu nyeupe ikimetameta mbele yake. Hakuwa na kitu mgongoni. Nilimwita kwa jina lake la nyumbani. Alipita karibu kiasi kwamba changarawe zilinigonga miguuni.

Na bado nilikaa. Nasema ukweli: nilikaa tena. Nilijiambia huenda amemaliza kwanza ndipo arudi. Mpaka niliposikia kelele za wachimbaji kutoka upande wa pili ndipo nikaweka baiskeli begani, gurudumu bovu mkononi, nikashuka kwa miguu.

Nilikuta mwanamke wa kofia ya njano amechuchumaa mbele ya baiskeli ya mdogo wangu. Baiskeli zote za kambi zilikuwa na ringi nyeusi. Alinyoosha kidole kwenye ile nyeupe, akasema kitu. Karani akatafsiri.

"Anauliza hili gurudumu limetoka wapi."

Mdogo wangu alifuta jasho. "Ni langu. Nilibadilisha jana."

"Anauliza kuna mtu alikupa njiani?"

"Hakuna."

Hapo wakaniona mimi. Mzee wa duka la spea alikuwa hatua tano kutoka hapo, na ringi ile alikuwa ameiuza kwa mikono yake. Alinitazama. Dada yangu alinitazama. Karani alikuja mpaka karibu, akasema kwa sauti ya chini, na nadhani alikuwa ameshaelewa yote: "Sema mwenyewe. Ukisema ulimpa, mmetoka wote wawili, anakwenda kijana wa Mwanza. Hili ulilobeba ni la nani?"

Mdogo wangu hakunitazama. Alikuwa akitazama kofia ya njano.

"Ni langu," nilisema.

Karani akageuka, akatafsiri. Mwanamke yule akaandika kwenye karatasi yake. Namba yangu ikaandikwa kwamba haikumaliza.

Nilisema uongo ule kwa sababu nilidhani bado tuko msafarani. Mmoja wetu alikuwa amefika kwa fundi; angerudi. Nilimwambia dada yangu hivyo tulipokuwa tunarudi. Tulipofika Segese alisema, "Kule stoo mimi nilikwenda kuomba maji asubuhi. Ningekuwa wewe ningekwenda kuangalia."

Nilikwenda, baada ya ndege kumchukua. Mtunza stoo alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Alinifungulia mlango bila swali. Kulikuwa na koleo, kamba, vimfuko vya udongo mpaka darini. Gurudumu la akiba, alisema, halijawahi kuwamo humo hata siku moja. "Mdogo wako ndiye aliyekuwa anafagia hapa. Anajua kila kilichomo."

Kabla ya hapo nilikuwa na hasira ya mtu aliyeachwa. Hiyo inapona. Lakini pale mlangoni nilielewa kwamba alipokuwa amesimama na vumbi begani, akiniita kaka, alikuwa ameshaamua. Alikuwa anaijua safari, anajua nitakaa, anajua sitasogea. Alichokitumia dhidi yangu ni kile nilichomfundisha mimi.

Alirudi nchini baada ya wiki tatu, na Didia alifika baada ya miezi saba. Alikuwa na jaketi lenye michirizi na kazi ya kudumu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Ulikuwa wa ngapi?"

"Sikumaliza. Tairi lilipasuka mzunguko wa kwanza. Wale watu, kaka, wanapita kama umesimama."

"Pole," dada yetu alisema, akimwekea maji ya kunawa. "Na huko hukumpata kaka mwingine?"

Akaweka mkono wake kwenye maji, akautoa. "Kaka alinipa mwenyewe. Mimi sikumnyang'anya. Muulize."

Aliniangalia nithibitishe. Ilikuwa kweli, nikathibitisha. Alikula ugali, akaaga kabla ya jua kuzama. Ya mtamba hakuyagusa, na mimi sikumtajia. Aliyekopa kwa dada yangu nilikuwa mimi. Kambi ile ilipohamishwa alihama nayo. Nasikia ana watoto.

Baiskeli niliirudisha kwa mzee wa Kahama, na gurudumu lile la kukunjika. Alilizungusha kwenye kidole, likayumba. "Nilikuona pale," alisema. "Nilifungua mdomo, nikaufunga. Kama wewe mwenyewe umesema ni lako, mimi nani?" Akanipa nusu ya thamani yake, zaidi ya alivyopaswa kunipa, nikanunua ndama jike nimkuze awe mtamba. Mwaka wa mvua nyingi ndama huyo alikufa kwa ndigana, ile homa ya kupe. Nikarudi kwenye mchele. Nikapata mwingine, huyo nilimuuza mwenyewe, goti lilipofungwa hospitali na sikuweza kutembea miezi minne. Dada yangu aliolewa kabla sijampata wa tatu. Siku ya harusi yake nilikwenda na kuku sita na jembe.

Juzi nilimtembelea. Ana cherehani, alinunua mume wake. Tulikuwa tumekaa barazani, anapiga pindo la sare ya shule, na mbele yetu walipita ng'ombe wa jirani kwenda kunywa maji.

"Yule angekuwa ameshazaa mara nane," alisema, bila kuinua uso.

"Tisa."

"Ndama sikudai, kaka."

"Niliahidi na ndama."

"Basi niletee huyo mmoja kwanza."

Nilimwambia nitamleta baada ya mavuno. Aliuliza mavuno ya mwaka gani, tukacheka, akaendelea na pindo. Mpunga wangu safari hii ni ekari moja na nusu, na mvua zimechelewa.